Mgonjwa Nilikuwa Mimi

Watu wa mtaani kwetu Mtopanga wana swali moja kwangu, na huniuliza kwa sauti ya chini, kama wauza kitu cha wizi: "Athumani, ni nani aliyekufanyia vile?" Nikiwajibu hakuna, hawaniamini. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikaa miezi nikimtafuta mtu huyo, na nilipomkosa nje nikamtafuta ndani ya nyumba yangu. Nayaandika haya kwa ajili ya mwenye maradhi kama yangu ambaye sasa hivi amekaa mahali anamtazama mkewe, au mumewe, kwa jicho la pembeni.

Mnijue kwanza. Kazi yangu ni kukagua lakiri, ile mihuri inayofunga milango ya makontena, katika yadi moja huko Changamwe. Kontena likiingia, nasoma namba ya lakiri, nailinganisha na karatasi, kisha naivuta kwa mkono nione kama imechezewa. Miaka ishirini na mbili nimelipwa mshahara nisimwamini mtu. Dereva akinichekea sana, namtazama mara mbili. Mke wangu Mwanaidi alikuwa akinitania, "Baba Rukia, hata chai yangu waitafuta lakiri!" Tukicheka, maana zamani tulikuwa watu wa kucheka.

Maradhi yaliingia na mvua za masika. Sikuyaona yakija. Nilianza kuamka kabla ya adhana ya alfajiri, macho makavu, kifua kizito, na nikiamka ndiyo basi. Kisha chakula kikapotea ladha. Mwanaidi ni mpishi, huitwa kwenye arusi kupika biriani, na asubuhi huuza mahamri mlangoni kwetu. Mkono wake hausemwi. Lakini mimi nilikuwa natafuna wali wa nazi kama namtafunia mtu mwingine. Mshipi wa suruali niliutoboa tundu jipya kwa msumari, baadaye jingine. Kuvaa viatu kukawa kazi ya kutwa: nakaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mkononi, nikisahau ile soksi nimeishika ya nini.

Na huzuni? Watu hudhani ni kulia. Mimi sikulia hata siku moja. Binti yetu Rukia, ambaye yuko shule ya bweni, alikuja likizo na habari kwamba amekuwa wa kwanza darasani. Nikamwambia, "Vizuri." Basi. Mtoto alisimama pale akingojea baba yake arudi usoni mwangu, na baba yake hakurudi. Hilo hadi leo laniuma.

Kazini nikapitisha kontena lenye lakiri iliyokatwa. Mimi! Bosi akaniambia nikapumzike nyumbani. Nami nikaapa wallahi kwamba mwenzangu wa zamu ndiye aliyeikata ili anichongee. Sikuwa na ushahidi wowote. Ilikuwa yatosha kwamba alinisalimu kwa upole siku ile.

Nilisomewa, nikanywa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Sisemi vibaya juu ya visomo. Nilivipenda kuliko hospitali, kwa kuwa visomo havikuniuliza maswali. Ila havikuniinua. Mwisho Mwanaidi akamwita kaka yake, Bakari, fundi wa mafriji kule Timbwani. Bakari akavuka feri, akaketi barazani kwangu akasema taratibu, "Shemeji, kesho twende hospitali. Kuna kliniki ya mambo haya."

"Mambo gani?"

"Ya kutolala."

Kutolala! Nikamtazama. Kwa nini mtu aache mafriji ya watu Timbwani aje Mtopanga kwa usingizi wangu? Nyumba hii niliijenga mwenyewe juu ya kiwanja cha marehemu baba, na hati yake imo kabatini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nikaamua nitakwenda, ila nitafungua macho.

Asubuhi ile, tukitoka, jirani yetu Bi Mishi alikuwa akifagia ua wake. Huyu mama ni mzuri wa moyo, lakini ukimwambia neno ni kama umelipandisha kwenye kipaza sauti cha msikiti. Akauliza, "Haya, mwaenda wapi asubuhi hii na shemeji?"

Ulimi wangu ukafanya kazi kabla yangu. "Twampeleka Mwanaidi. Kichwa chake hakiko sawa siku hizi."

Mwanaidi aliniangalia mara moja tu, kisha akainamisha uso akavuta buibui lake.  Nilidhani amenisitiri kwa siku moja. Kumbe nilikuwa nimemvisha maradhi yangu, na nguo ile haikuvulika kwa urahisi. Haikupita wiki mtaa mzima ukajua kwamba mke wa Athumani ahudhuria kliniki ya akili. Watoto waliokuwa wakija na bakuli kununua mahamri wakapungua. Arusi mbili zikapikwa bila yeye kuitwa. Nami nilikuwa nayaona yote, nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa nafuu kwangu.

Sasa hiyo kliniki. Ina ukumbi mrefu, mabenchi ya mbao na pangaboi moja linalozunguka likilalamika. Na kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba pale hakuna mgonjwa. Kila mtu amemsindikiza mtu. Mama mmoja wa Frere Town, aliyevaa miwani, alinieleza bila kuulizwa kwamba amemsindikiza dadake. Dada huyo sikumwona siku ile wala siku nyingine. Kijana wa magari ya mizigo akasema amekuja kumchukulia mjomba wake dawa. Walipouliza yangu, nikamwonyesha Mwanaidi kwa kidevu. Tukatikisa vichwa wote kwa kuwahurumia wagonjwa wetu.

Daktari alikuwa msichana wa bara, Kiswahili chake cha mbio. "Sasa mzee, unalala poa?" Nikamjibu nalala. Mwanaidi akasema, "Halali, daktari." Akaniuliza kama nakula. Nala. "Hali," akasema Mwanaidi. Kisha yule msichana akaweka kalamu chini, akauliza polepole, "Mzee, uko na siku unaona heri usingekuwepo?"

Nikautazama mlango. Maswali kama hayo huulizwa na polisi.

"Ashasema," Mwanaidi akasema, na sauti yake ikakatika. "Ashanambia mara mbili."

Siku hiyo niliona nimeuzwa. Daktari akanieleza kwamba huu ni ugonjwa, una jina, ni dipresheni, hupimwa na kutibiwa. Si uvivu wala si upungufu wa imani, na kwa wengine huja na shaka juu ya watu. Katika yote niliona jambo moja tu: akaandika. Ameandika kwenye faili, na faili lina jina langu, na Bakari amekaa pale mlangoni. Nikawaza, mtu akishaandikwa mwendawazimu, nyumba yake husimamiwa na nani?

Nikapewa vidonge vyeupe vya mviringo, kimoja kila siku saa tatu asubuhi. Wiki mbili za kwanza sikupata kitu isipokuwa kinywa kikavu na tumbo kuvurugika. Daktari alikuwa ameniambia itakuwa hivyo, kwamba dawa hii ni ya wiki nyingi, si ya leo kwa kesho. Wiki ya nne nikalala hadi adhana. Sikumwambia mtu. Nilihofu nikisema nimelala, watasema kweli nilikuwa mgonjwa.

Mwezi wa pili Mwanaidi ndiye aliyekwenda dirishani kunichukulia dawa, mimi nikangoja nje. Kufika nyumbani nafungua: vidonge vya manjano! Virefu! Nikakaa nikavitazama hata chai ikapoa. Mtu yeyote angeona rangi mbili. Mimi niliona zaidi, kwa sababu wiki hizo hizo vitu vilikuwa vikitoweka nyumbani. Nyembe zangu za kunyolea hazimo katika mtoto wa meza. Chupa ya dawa ya panya haiko stoo. Nikiuliza, Mwanaidi ajibu, "Labda zimeisha." Nikajumlisha mambo kama karani. Wanahamisha vitu kidogo kidogo, na mimi wanizubaisha kwa sumu ya manjano. Nikaacha dawa siku ile ile. Kila asubuhi nakitia kinywani mbele yake, akigeuka nakitema.

Siku chache hazikupita, kichwa kikaanza kunizunguka, usingizi ukatoka, na shaka ikarudi na jamaa zake wote.

Basi jioni moja baada ya alasiri namkuta Bakari akitoka uani kwangu na gunia.

"Umebeba nini, shemeji?"

"Takataka tu."

Nikalivuta. Ndani mlikuwa na kamba yetu ya kuanikia nguo, nzima, haina hata fundo.

"Kamba ndiyo takataka?"

Bakari akatazama chini. Mwanaidi akatoka jikoni akipangusa mikono, akasema, "Baba Rukia, keti, tuzungumze." Lakini mimi nilikuwa nimeshaikamata lakiri iliyokatwa, au ndivyo nilivyoona, na mbele ya kaka yake nikasema, "Mwanaidi, nimekuacha. Talaka moja."

Alijitupia leso kichwani, akaingia chumba cha Rukia, akafunga mlango. Bakari akaliweka gunia chini taratibu sana.

Siku ya pili wakaja shekhe wa msikiti wetu na majirani wawili, mmoja wao mume wa Bi Mishi. Tukaketi sebuleni, Bakari upande wake, Mwanaidi nyuma ya pazia. Shekhe ni mtu mzima, hana haraka. Akanambia, "Athumani, nakuuliza na mashahidi wasikie. Ulipolitamka neno lile ulikuwa mzima? Huna maradhi? Maana mtu akiwa na maradhi, neno hilo lina mazungumzo yake, twaweza kulitazama."

Nisikizeni hapa. Mlango ule alinifungulia yeye, wazi kabisa. Ningesema naumwa tu, mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini mimi niliona mtego. Nikiri mbele ya mashahidi? Ndicho hasa anachokingoja Bakari! Nikanyoosha mgongo nikasema, "Mimi mzima, Shekhe, akili zangu timamu. Mgonjwa ni Mwanaidi. Mtaa mzima wajua."

Wale majirani wakaitikia kwa vichwa, masikini, maana ndivyo walivyosikia.  Shekhe akasema, "Basi talaka imepita. Na akae eda yake humu humu, usimtoe. Una muda wa tohara zake tatu, yaani atoharike na hedhi mara tatu. Ukitaka kumrejea, mrejee kabla hazijakwisha. Zikikwisha, utaposa upya kama mtu baki."

Tukaanza maisha ya ajabu. Mwanaidi chumba cha Rukia, mimi chumbani kwetu. Anapika, anafunika sahani kwa kawa, anaondoka. Mimi sili, natoka nakwenda kula viazi vya karai kwa mwanamke nisiyemjua, kwa kuwa asiyenijua hana sababu ya kuniua. Tohara ya kwanza ikapita hivyo.

Kilichonirudisha kliniki ni shaka yenyewe. Nilitaka kumkamata yule daktari. Nikazifunga karatasi za vidonge vyeupe na vya manjano ndani ya leso ya mkono, nikaenda peke yangu, maana Mwanaidi yuko eda hatoki ovyo. Nikaketi benchini. Yule mama wa Frere Town akanisogelea. "Na mkeo yu wapi leo?"

Nikatafuta uongo nikaukosa. Pembeni yangu hapakuwa na mtu wa kumwonyesha kwa kidevu. Nikamwambia, "Nimekuja mwenyewe." Akanitazama nyuma ya miwani yake, akasema taratibu, "Hata mimi sina dada." Hatukusemezana tena, lakini alinigawia nusu ya chungwa lake, na nilihisi ukali wake ulimini. Ilikuwa ladha ya kwanza kwa siku nyingi.

Kwa daktari nikamwaga ushahidi mezani. Nilidhani atababaika. Akacheka kidogo, kisha akaona uso wangu akaacha. "Mzee, wewe unafanya kazi gani?" Nikamwambia. "Sasa kontena ikibadilishwa rangi, unajuaje ni ile?"

"Hatutazami rangi. Twasoma namba."

Akanisukumia karatasi zote mbili. "Soma basi."

Nikavaa miwani. Nikaweka kidole kwenye jina la karatasi nyeupe, herufi kwa herufi, nikalinganisha na la manjano. Jina lile lile. Kipimo kile kile. Walioitengeneza tu ndio tofauti. Hospitali ilipata mzigo wa kiwanda kingine. Nikasoma mara tatu. Nilitafuta pengo, wallahi sikuliona. Akanieleza bila kunifokea kwamba aachaye dawa ghafla kichwa humzunguka na maradhi humrudia, na kwamba nikiona rangi mpya nimuulize mtu wa dirishani kabla sijamhukumu mtu wa nyumbani. Nanyi nawaambia hivyo hivyo. Ulizeni. Mimi sikuuliza, nikaacha mke.

Nikaanza upya, kidonge saa tatu, na safari hii nilimeza kweli. Tohara ya pili ikaingia. Hakuna siku niliyoamka nikajiona nimepona. Asubuhi moja nikamkasirikia jogoo wa jirani kwa kelele zake, nikashangaa, maana kwa muda mrefu kelele zote zilikuwa zikinipita. Siku nyingine harufu ya iliki ikanifuata chumbani, nikajua Mwanaidi anakanda unga. Nikafunua kawa nikala, nikamaliza. Aliporudi kuchukua sahani akaitazama, akanitazama, akaenda nayo jikoni. Nilimsikia akilia huko.

Tohara ya tatu ilipokuwa karibu kumalizika nikamfuata jikoni.  "Mwanaidi, nataka kukure—"

"Usilitamke!" Aligeuka na mwiko mkononi. "Ukilitamka litanifunga, nami sitaki kufungwa na mtu aliyenivisha maradhi yake. Wajua nyembe zako ziko wapi? Ziko kwa Bakari Timbwani. Na dawa ya panya. Na kamba angeichukua pia. Uliponambia heri usingekuwepo, nilimwambia kaka yangu, ninahofu kuamka nimkute baba wa mwanangu amekufa. Akawa aja kila siku mbili akisafisha nyumba yangu kama mwizi. Ukamfanya mwizi, akanyamaza. Ukaniita mwendawazimu mbele ya shekhe, nikanyamaza. Sasa nimechoka kunyamaza, Athumani." Kwa miaka yote hajawahi kuniita kwa jina. "Nenda ukaseme pale pale ulipolisemea. Mbele ya watu wale wale. Ama nimalize siku zangu nivuke feri."

Zilikuwa zimebaki siku nne. Na mtanishangaa: mbili kati yake nilizitumia kushuku. Kwamba huenda hii ndiyo hila yenyewe, nikiri kisha hati itoke kabatini. Nikaenda nikalifungua kabati. Hati ipo, na vumbi juu yake. Nikakaa na ile hati mapajani nikajiuliza shaka hii ni yangu au ni ya maradhi. Sikuweza kuzitenganisha, na hata leo, nameza dawa na nimerudi kazini, siku nyingine siwezi. Nimejifunza tu kuuliza kabla ya kuhukumu. Nikaona kwamba nikingoja hadi nisiwe na shaka hata chembe, Mwanaidi atakuwa Timbwani. Nikampigia shekhe simu.

Wakaja wote, baada ya alasiri. Shekhe, majirani wale wawili, Bakari na mikono yake ya fundi magotini, Mwanaidi nyuma ya pazia. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakanikimbia. Nikasema, "Shekhe, siku ile nilisema uongo. Mimi ndiye mgonjwa. Dawa ni zangu, kliniki ni yangu. Mwanaidi hana kitu, hakuwa na kitu. Nilimsingizia yeye kwa kuwa niliona haya. Na Bakari nimemdhulumu. Nataka kumrejea mke wangu, akiniridhia."

Bakari alikuwa akifuta macho kwa kiganja. Shekhe akageukia pazia. "Mwanaidi, umesikia?"

"Abee, Shekhe. Mimi nimesikia," akasema, sauti yake kavu, haina haraka. "Bi Mishi hajasikia. Na mama zao wale watoto wa mahamri hawajasikia. Na arudie."

Mume wa Bi Mishi akakohoa. Shekhe akaniangalia. Nikainuka.  Nikafungua mlango wa mbele, mbawa zote mbili. Bi Mishi yuko uani akipepeta mchele, wanawake watatu wako bombani na ndoo zao, watoto wanacheza njiani.

"Mgonjwa nilikuwa mimi!" nikasema kwa sauti ninayowaitia madereva yadini. "Si Mwanaidi! Mimi Athumani!"

Ungo wa Bi Mishi ukasimama. Wale wanawake wakageuka na ndoo zao. Nikasimama pale nikawaacha wanitazame watakavyo, na nyuma yangu nikasikia pazia likivutwa, na hatua za Mwanaidi zikija mlangoni.